Beryl Markham na Sheria ya Anga

Uwanja wa ndege wa Kigali, ulioko Kanombe, umejengwa katika kimo cha karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vimeuzunguka. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi: injini hupungukiwa nguvu, na mabawa hayabebwi kama yabebwavyo pwani. Ndege kubwa huyastahimili hayo, bali ndege ndogo ya injini moja haina akiba hiyo, na rubani wake hana budi kuijua hewa kama mvuvi aijuavyo bahari. Ndiyo maana leo tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mwanamke aliyejifunza urubani katika nyanda za juu za Kenya, ambazo kwa kimo na kwa vilima zafanana na nchi yetu.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Angali mtoto mdogo aliletwa Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alifungua shamba huko Njoro, katika ardhi ambayo ukoloni ulikuwa umewapokonya wenyewe. Mama yake alirejea Uingereza, na binti akakua pamoja na watoto wa Kiafrika wa jirani, akisema Kiswahili na kufuatana na wawindaji porini. Alipokuwa msichana alishika kazi ya kufunza farasi wa mashindano, kazi iliyomzoesha mapema kutawala kiumbe chenye nguvu kuliko yeye bila ya kutaharuki.

Mwaka 1931 alianza kujifunza kuruka. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi. Katika kitabu kilichotolewa kwa jina lake mwaka 1942, Beryl asimulia siku alipoiongoza ndege kuelekea vilima vya Ngong, akidhani kwamba ingepanda na kuvuka. Ndege ilikataa kupanda. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote, na hata hivyo ilizidi kushuka, huku kilima kikimjia usoni. Mwalimu alikaa kimya mpaka dakika ya mwisho, ndipo akaushika usukani na kuigeuza ndege. Kisha akamweleza kuwa huo ulikuwa mkondo wa hewa ishukayo, ambao ni wa kawaida penye milima. Angaliweza kumwonya tangu mapema, lakini kosa alionalo mtu kwa macho yake halimtoki moyoni.

Somo hilo ni letu pia. Upepo uvukapo kilima huporomoka upande wa pili, nao huivuta ndege ndogo chini kwa kasi kuliko iwezavyo kupanda. Rubani mwenye hekima hukikabili kilima akiwa na kimo cha kutosha, tena hukiendea kwa mshazari, ili akiona ndege inashuka aweze kugeuka kungali na nafasi. Kugeuka mapema si woga. Mwoga hasa ni yule aonaye haya kurudi, akaendelea kwa kuogopa kuchekwa.

Mwaka huo huo wa 1931 anga ilidai gharama yake. Tarehe 14 Mei, Denys Finch Hatton, rafiki yake Beryl aliyekuwa mwindaji na aliyerusha ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth, aliruka kutoka Voi. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka na kuwaka moto, ikamwua yeye pamoja na mtumishi wake, Kamau. Beryl hakuacha kujifunza. Mwaka 1933 alipata leseni ya kuruka kwa ujira, akawa akibeba abiria na barua, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Jaribio lake kubwa lilikuja jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Siku hiyo aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuivuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, akikabiliana na upepo, katika ndege ndogo aina ya Vega Gull isiyokuwa na redio. Matangi ya petroli yalijaa hata ndani ya chumba chake. Ilimpasa aache tangi moja likauke, ndipo afungue koki ya jingine.

Usiku, juu ya bahari, injini ilizimika. Alikuwa katika kimo cha mita 600 hivi. Silika ya binadamu humwamuru kuvuta usukani ili ndege ipande, lakini ndege isiyo na injini ikiinuliwa pua hupoteza mwendo, na ikipoteza mwendo mabawa hayaibebi tena. Huanguka kama jiwe. Sheria ya anga huamuru kinyume chake: inamisha pua, ulinde mwendo, ndipo utafute chanzo cha hitilafu. Beryl aliinamisha pua ya ndege kuelekea maji asiyoyaona, huku mikono yake ikiitafuta koki gizani. Injini iliwaka tena zilipobaki mita 90 hivi.

Baada ya zaidi ya saa 20 angani, injini ilizimika mara ya mwisho. Yeye alidhani barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Safari hii nchi kavu ilikuwa mbele yake. Alishuka katika kinamasi cha kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ikazama matopeni, naye akatoka na jeraha la kichwa. Hakuifikia New York kwa ndege ile, lakini akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi.

Majuma mawili baadaye, tarehe 19 Septemba, mwalimu wake Campbell Black aliuawa huko Liverpool. Hakuwa angani: ndege yake ilikuwa ardhini ilipogongwa na ndege nyingine. Usalama basi hauanzi mawinguni, wala hauishi magurudumu yagusapo ardhi.

Beryl alirudi kwa farasi wake nchini Kenya, akafariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Sisi hatumsifu kwa kukosa hofu, maana hofu aliijua. Twamsifu kwa kuwa, hofu ilipomwamuru kuvuta, mafunzo yalimwamuru kusukuma, naye akayatii mafunzo. Askari aliye doria usiku, au dereva wa gari la polisi linaloteleza katika mteremko wa mvua, atakutana na saa kama ile. Hapo hapatakuwa na nafasi ya kujifunza. Kitakachomwokoa ni kile alichokirudia mara nyingi wakati wa amani, mpaka mikono yake ikakijua bila kuulizwa.