Mama Kevina wa Nsambya

Mkisimama kando ya barabara kubwa hapa Lubutu, mtaona wagonjwa wakipelekwa hospitali. Mmoja analetwa kwa machela, mwingine kwa pikipiki. Akifika, nani anampokea kwanza? Mara nyingi si daktari, ni muuguzi. Yeye ndiye anayemlaza, anayempima joto, anayemwosha na kukesha naye usiku. Leo tutasoma habari za mama mmoja aliyefikiri sana juu ya kazi hiyo. Aliifanya katika Uganda, nchi jirani yetu upande wa mashariki.

Jina lake la kwanza lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika nchi ya Ayalandi. Baba yake alikuwa mkulima, naye alikufa katika ajali kabla mtoto hajazaliwa. Teresa alipokuwa na umri wa miaka 10, mama yake naye akafa. Nyanya yake akamlea. Nyanya akafariki Teresa akiwa na miaka 17. Basi msichana huyu aliijua misiba mapema.

Kwanza alikuwa mwalimu. Mwaka 1895 akaingia utawa kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Kevin. Alitaka sana kwenda Marekani. Akangoja miaka mitatu, hata wakubwa wakamtuma Afrika. Tarehe 3 Desemba 1902 akatoka London pamoja na masista wengine watano. Wakafika kilima cha Nsambya, katika mji wa Kampala, tarehe 15 Januari 1903.

Hospitali hawakuikuta. Walikuta mwembe. Wakaanza kuwatibu watu chini ya kivuli chake.

Ulikuwa wakati mbaya. Kando ya Ziwa Victoria ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, ulikuwa ukimaliza vijiji. Katika miaka ile watu zaidi ya 200,000 walikufa, na dawa ya kuuponya kabisa haikuwa imepatikana. Hapo mtu anaweza kuuliza: kama dawa hakuna, muuguzi ana kazi gani?

Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na Mwingereza mmoja, Florence Nightingale, aliyefungua chuo cha wauguzi London mwaka 1860. Yeye alifundisha ya kuwa kuuguza si kutoa dawa tu. Mgonjwa anahitaji hewa safi, mwanga, maji safi, chakula kinachomfaa na utulivu. Muuguzi akiyatengeneza hayo vizuri, mwili wa mgonjwa unapata nguvu ya kujiponya. Maji ya kunawa na kitambaa safi vinaweza kupatikana hata chini ya mwembe.

Mwaka 1914 vita kuu ikaanza. Waingereza walichukua wanaume wengi sana kuwa wapagazi wa jeshi katika Afrika ya Mashariki. Katika Kongo pia maelfu ya watu walibebeshwa mizigo ya vita ile. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Waliougua waliletwa Nsambya, wamekonda, miguu imejaa vidonda. Hawakuwa askari wenye cheo, nao wengi waliwahesabu kama vyombo vya kuchukulia mizigo tu. Mama Kevin aliwauguza kama watu. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ikampa nishani kwa kazi hiyo.

Lakini shida iliyomsumbua zaidi ilikuwa ya akina mama. Wengi walikufa wakijifungua, na watoto wao pamoja nao. Masista walikuwa pale pale, nao hawakuwa na ruhusa ya kuwazalisha, maana sheria ya Kanisa ya siku zile iliwakataza watawa kazi ya ukunga. Fikirini jambo hilo: sista anasikia mama akilia kwa uchungu, naye amefungwa mikono. Kuivunja sheria hakuweza, na kuwaacha akina mama wafe hakukubali.

Akatafuta njia. Sheria haikuwagusa watu wasio watawa. Mwaka 1919 alikuja Nsambya daktari mwanamke, Evelyn Connolly, ambaye hakuwa sista. Baadaye wakaanzisha pamoja chuo cha kuwafundisha wasichana wa Uganda uuguzi na ukunga. Kwangu mimi, chuo hicho chapita nishani yote. Masista wa Ulaya walikuwa wachache, tena wageni. Msichana wa pale pale anaijua lugha ya mgonjwa. Mama mwenye aibu anaweza kumweleza maumivu yake bila mkalimani, naye anajua chakula gani mama huyo atakubali kula. Mambo hayo nayo ni sehemu ya kuuguza.

Wakati huohuo Mama Kevin na wengine hawakuacha kuwaomba wakubwa wa Kanisa waibadilishe sheria ile. Miaka ikapita. Mwezi wa Februari 1936 ruhusa ikatoka Roma: masista waweza kujifunza uganga na ukunga, na kuwasaidia akina mama wanaojifungua. Tangu alipofika Nsambya ilikuwa imepita miaka 33.

Mwaka 1923 alikuwa ameanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao kao lao ni Nkokonjeru. Tena kulikuwa na wenye ukoma, waliofukuzwa na jamaa zao wenyewe. Kwa ajili yao vilifunguliwa vituo viwili, Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934.

Alistaafu mwaka 1955, akapelekwa Boston, Marekani, ile nchi aliyoitaka katika ujana wake. Akafa huko tarehe 17 Oktoba 1957, mwenye miaka 82. Walimzika kwanza Ayalandi. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali alale mbali nao. Wakachanga fedha, mwili ukaletwa kwa ndege, wakamzika Nkokonjeru kati ya masista wake. Jina lake walikuwa wamelitamka kwa namna yao, Kevina, hata katika Uganda neno hilo likawa na maana ya hospitali, au nyumba ya kuwasaidia wenye shida.