Rory Gallagher na Magitaa Yake: Maisha ya Msanii na Deni la Pauni 100

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, wapo watu ambao deni walilolitwaa ujanani liliwaamulia njia yao yote ya maisha, hata baada ya senti ya mwisho kulipwa. Mmoja wao ni William Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland aliyeaga dunia mwaka wa 1995. Makala haya yananuia kuyasimulia maisha yake kwa kuyafuata magitaa yake. Njia hii imechaguliwa kwa sababu Gallagher hakuoa, hakuacha mtoto, wala hakuwa mwepesi wa kuzungumzia mambo yake ya ndani. Alichotuachia ni rekodi za muziki pamoja na mkusanyo wa ala, na anayetaka kumfahamu hana budi kuanzia hapo.

Gallagher alizaliwa tarehe 2 Machi 1948 katika mji mdogo wa Ballyshannon, kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Babake, Daniel, alikuwa ameajiriwa na shirika la umeme la nchi hiyo, wakati wa ujenzi wa mitambo ya kuzalisha umeme kwa nguvu za maji katika Mto Erne. Fauka ya kazi hiyo, mzee huyo alipiga kodiani katika bendi ya muziki wa kienyeji, naye mkewe, Monica, alikuwa mwimbaji na mwigizaji. Mtoto wao wa pili, Dónal, alizaliwa mwaka wa 1949 katika mji wa Derry. Baadaye mama na wanawe wawili walihamia Cork, kusini mwa nchi, na huko ndiko Rory alikokulia.

Akiwa na umri wa miaka 9 wazazi wake walimpa gitaa la kawaida, lisilotumia umeme. Hakuwa na mwalimu. Alitega sikio redioni, akamsikia Lonnie Donegan akiimba nyimbo zilizotoka kwa Wamarekani Weusi, na kupitia kwake akaifikia chemchemi yenyewe: muziki wa bluzi wa kina Muddy Waters. Alipokuwa na miaka 12 alishinda shindano la vipawa mjini Cork, na fedha za tuzo akazitumia kununua gitaa lake la kwanza la umeme.

Yafaa hapa kueleza tofauti ya magitaa haya mawili, maana bila kuielewa msomaji hatafahamu ni kwa nini kijana yule hakuridhika na lile la awali. Gitaa la kawaida lina tumbo tupu la mbao ambalo hukuza mlio wa nyuzi. Gitaa la umeme la aina aliyoitamani Gallagher halina tumbo. Ni ubao mzito. Chini ya nyuzi zake za chuma mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi unapotikisika huuvuruga uga wa sumaku, na mkondo mdogo wa umeme huzuka katika waya ule, ukapelekwa hadi kwenye kikuza sauti. Hapa ndipo maisha ya baba na ya mwana yanapokutana. Sumaku, waya na mwendo ndivyo vitu vilivyotumika pia kuzalisha umeme katika Mto Erne. Kanuni ni moja; aliyetofautiana ni mtumiaji.

Mnamo mwaka wa 1954 kampuni ya Fender ya California ilitoa gitaa liitwalo Stratocaster, lenye vinasa sauti vitatu na mkono mdogo wa kulegeza na kukaza nyuzi. Buddy Holly wa Marekani alilipatia umaarufu, na vijana wengi wa Ulaya wakalitamani pasi na matumaini ya kulipata. Yasemekana kuwa mpiga gitaa wa bendi moja ya dansi nchini Ireland aliagiza Stratocaster ya rangi nyekundu, akaletewa yenye rangi ya machweo, yaani manjano katikati na weusi pembezoni. Ile nyekundu ilipowasili, ile ya kwanza iliuzwa, ikaishia katika duka la Crowley mjini Cork. Yaaminika kuwa ndiyo Stratocaster ya kwanza kuingia nchini humo. Lilikuwa gitaa lililotengenezwa mwaka wa 1961, na bei yake ilikuwa takriban pauni 100. Mwaka wa 1963 Rory Gallagher, mvulana wa miaka 15, alilichukua kwa mkopo.

Kwa familia ya kawaida ya Cork wakati huo, pauni 100 hazikuwa fedha za mchezo. Dónal amesimulia kwamba mama yao alihofu kuwa wangekuwa wadeni maisha yao yote. Rory alimjibu kwa hesabu ya kibiashara: kwa gitaa lile angeweza kupiga solo na rithimu peke yake, bendi isingemhitaji mpigaji wa pili, mapato yangeongezeka, na deni lingelipika. Utetezi huu ulikuwa wa mtoto anayemtuliza mamake, lakini uligeuka kuwa mtindo wake wa kisanaa. Katika sehemu kubwa ya kazi yake aliongoza bendi ya watu watatu: gitaa lake, besi na ngoma. Sauti nzito aliyoitoa kwa mikono miwili ilikuwa, kwa namna fulani, ahadi aliyompa mama yake.

Ili kulipa deni alijiunga na bendi ya dansi iliyoitwa Fontana, ambayo baadaye ilibadilisha jina ikawa The Impact. Bendi za aina hiyo zilizunguka katika kumbi za Ireland na Uingereza zikipiga nyimbo zilizokuwa zikipendwa na umma. Hazikumpa nafasi kubwa ya kupiga bluzi aliyoipenda, lakini zilimpa mshahara na kumfunza nidhamu ya safari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama.

Kisha likatokea jambo lililokaribia kukatiza yote hayo. Gitaa liliibwa mjini Dublin. Baada ya siku kadhaa lilipatikana limetupwa mtaroni, likiwa limenyeshewa na kukwaruzwa. Gallagher aliapa kwamba hataliuza kamwe. Tangu siku hiyo rangi iliendelea kubanduka, kwa sababu ya majeraha ya mtaroni, safari za mfululizo na jasho lake jingi jukwaani, hata ubao mtupu ukaonekana sehemu kubwa. Hakulipaka rangi upya. Watazamaji walilitambua kutoka mbali kama watu wanavyomtambua jirani kwa mwendo wake.

Mwaka wa 1966 aliunda bendi ya Taste mjini Cork. Bendi hiyo ilipiga katika tamasha la kuagana la kundi la Cream huko Royal Albert Hall, London, mwaka wa 1968, ikazuru Marekani mwaka wa 1969, na kushiriki tamasha kubwa la Isle of Wight mwaka wa 1970. Ilivunjika mwaka huohuo. Kuanzia mwaka wa 1971 Gallagher alirekodi kwa jina lake mwenyewe, Gerry McAvoy akiwa mpigaji wake wa besi kwa takriban miaka 20, naye Dónal akiwa meneja. Mwaka wa 1972 alitoa albamu ya Live in Europe, iliyomwinua mno barani humo. Katika kipindi hicho pia alialikwa London kurekodi pamoja na Muddy Waters, yule yule aliyemsikia redioni utotoni.

Ni katika miaka hii ya safari ambapo mkusanyo wake ulikua. Alikuwa na mazoea ya kuingia katika maduka ya vitu vikuukuu na ya rehani, hasa Marekani, kutafuta ala ambazo wengine walikuwa wamezichoka. Mlikuwa na Fender Telecaster ya mwaka wa 1966 aliyoitumia kwa mtindo wa kutelezesha mrija juu ya nyuzi. Mlikuwa na National ya mwaka wa 1932, gitaa la bati lililobuniwa ili lisikike kwa nguvu bila umeme. Mlikuwa na Gretsch aina ya Corvette, na Danelectro, gitaa la bei rahisi ambalo wapigaji wenye majina hawakulijali sana. Mlikuwa pia na mandolini aliyoipiga katika baadhi ya nyimbo zake mashuhuri.

Wapo wakusanyaji ambao hununua ala ili zithamani, wakazifungia kabatini. Gallagher hakuwa miongoni mwao. Kila ala ilikuwa na kazi yake: hii kwa wimbo wenye nyuzi zilizolegezwa, ile kwa mlio mkavu, nyingine kwa upole. Mtu aliyeanza na gitaa moja la mkopo alielewa kwamba ala isiyopigwa ni ubao tu. Hata gitaa la bati la mwaka wa 1932 lilipanda jukwaani. Na licha ya wingi huo, Stratocaster ya mwaka wa 1961 ndiyo iliyobaki kuwa kiongozi wa nyumba.

Ushujaa wa Gallagher haukuishia katika vidole. Katika miaka ya 1970 Ireland ya Kaskazini ilikuwa imegubikwa na machafuko, mabomu yakilipuka na watu wakiuawa kwa misingi ya siasa na dini. Wanamuziki wengi wa nje waliuepuka mji wa Belfast. Yeye aliendelea kwenda, akipiga katika ukumbi wa Ulster Hall mbele ya vijana Wakatoliki na Waprotestanti waliosimama bega kwa bega. Ziara yake ya mwanzoni mwa mwaka wa 1974, huko Belfast, Dublin na Cork, ilizaa albamu ya Irish Tour '74 pamoja na filamu iliyoongozwa na Tony Palmer. Hakuhutubu wala hakuegemea upande wowote. Alikwenda tu, na kwenda kwenyewe kulikuwa na maana.

Mwezi wa Januari 1975 kundi la Rolling Stones, lililokuwa limempoteza mpiga gitaa wake Mick Taylor, lilimwita Rotterdam kupiga nalo. Alikwenda, akashiriki mazoezi kwa siku chache, kisha akaondoka kutimiza ziara aliyokwisha kuahidi nchini Japani. Wengi wameuona uamuzi huo kuwa fursa iliyopotezwa. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Mtu aliyezoea kusimama na gitaa moja na kubeba sauti zote mbili angekuwa na kazi gani katika kundi ambalo tayari lilikuwa na Keith Richards?

Hata hivyo, chema hakikosi ila. Maisha ya safari yalimla polepole. Gallagher aliingiwa na hofu ya kusafiri kwa ndege, akapewa dawa za kuituliza, na dawa hizo pamoja na pombe zikamharibu ini. Albamu yake ya mwisho ya studio, Fresh Evidence, ilitoka mwaka wa 1990. Alipiga jukwaani kwa mara ya mwisho nchini Uholanzi mwezi wa Januari 1995. Alipandikizwa ini jingine mjini London, lakini akapata maambukizi, na tarehe 14 Juni 1995 akafariki akiwa na miaka 47. Alizikwa Ballincollig, karibu na Cork.

Mkusanyo ulibaki mikononi mwa familia, na kwa karibu miaka 30 ndugu yake aliutunza. Tarehe 17 Oktoba 2024 ala hizo ziliuzwa kwa mnada na kampuni ya Bonhams jijini London. Kabla ya siku hiyo sauti zilipazwa nchini Ireland zikiitaka serikali iinunue Stratocaster ili isiende ughaibuni. Waliolalamika walikumbusha kiapo cha marehemu. Gitaa lililonunuliwa kwa pauni 100 lilifikia pauni 889,400 pamoja na ada za mnada. Mnunuzi alikuwa kampuni ya maonyesho ya muziki nchini Ireland, ambayo ilitangaza kuwa italitoa kama zawadi kwa Makavazi ya Kitaifa ya Ireland.

Je, kiapo kilivunjwa? Kwa maoni yetu, hapana. Kiapo kilikuwa cha mtu aliyekuwa hai na mwenye vidole vya kulipiga gitaa lile. Hakiwezi kumfunga ndugu mzee awe mlinzi wa ghala milele. Familia ina haki ya kuutua mzigo, na mashabiki nao wana haki ya kuuliza unatuliwa wapi. Hata hivyo, sifa haiwaendei waliokuwa na wajibu. Urithi wa taifa uliponea kwa ukarimu wa mnunuzi mmoja, na ala nyingine za mkusanyo huo zilitawanyika, kila moja kwa mwenye mkoba. Serikali ingeanza mazungumzo na familia mapema, huenda mkusanyo mzima ungebaki pamoja, kama mwenyewe alivyoukusanya.

Kwa vyovyote vile, deni la mwaka wa 1963 lilikwisha kulipwa zamani. Mama aliyehofu kuwa pauni 100 zingewalemea hakukosea kuhofu, na mwana aliyeahidi kupiga sehemu mbili kwa gitaa moja alitimiza. Gitaa lenyewe, lililobanduka rangi, ndilo stakabadhi yake.