AFONSO COSTA, WAKILI ALIYEITAWALA URENO

Kwetu ni Newala, na tangu utotoni nimesikia wazee wakitaja vita vya Mjerumani na Mreno. Muhula huu, nilipokuwa nikisoma habari za vita hivyo, nilikutana na jina la Mreno mmoja ambaye hakuwa askari bali wakili. Jina lake ni Afonso Costa. Nimeona vema niwaeleze wasomaji wa gazeti letu maisha yake, kwa kuwa mambo yaliyoamuliwa Lisbon siku zake yalitufikia hata sisi wa Ruvuma.

Costa alizaliwa tarehe 6 Machi, 1871, huko Seia, katika nchi ya milima. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Coimbra, akafaulu sana hata akawa mwalimu wa sheria papo hapo, naye angali kijana. Alifanya pia kazi ya uwakili. Siku hizo Ureno ilikuwa chini ya mfalme, na Costa alikuwa miongoni mwa watu waliotaka Jamhuri.

Mwaka 1899 tauni iliingia katika mji wa Porto. Serikali ikauzingira mji kwa askari, mtu asitoke wala asiingie. Wenyeji walikasirika mno, na uchaguzi ulipofika wakawapa kura wajumbe watatu wa chama cha Jamhuri, Costa akiwa mmoja wao. Uchaguzi ule ukabatilishwa. Wakawachagua tena wale wale!

Katika Bunge ulimi wake ulikuwa mkali. Mwezi wa Novemba, 1906, ilijulikana kwamba nyumba ya mfalme ilikuwa ikichukua fedha za hazina kwa siri. Costa alisimama akasema kwamba mfalme wa Ufaransa alikatwa kichwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Askari waliingia wakamtoa nje, akafungiwa mlango wa Bunge kwa mwezi mmoja. Mnamo Januari, 1908, alikamatwa kwa ajili ya njama ya kuipindua serikali. Siku chache baadaye Mfalme Carlos aliuawa kwa risasi barabarani.

Jamhuri ilipatikana tarehe 5 Oktoba, 1910, na Costa akawa Waziri wa Sheria. Ama kwa hakika alifanya kazi kwa haraka. Kabla mwezi haujaisha sana alikwisha toa sheria ya talaka, na siku ya Krismasi ikatoka sheria nyingine ya ndoa na watoto, iliyowapa haki zaidi watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Tarehe 20 Aprili, 1911, akatenga Kanisa na Serikali. Mali za Kanisa zikawa za Serikali, na mapadre wakakatazwa kuvaa kanzu zao njiani. Hapa ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Kumzuia Kanisa asitawale ni jambo moja, na kumchagulia padre nguo ya kuvaa ni jambo jingine.

Mwaka 1913 alikuwa Waziri Mkuu, na tena Waziri wa Fedha. Ureno ilikuwa imezoea kutumia kuliko inavyopata, lakini yeye alibana matumizi mpaka hazina ikabakiwa na akiba. Watu wengi walimsifu, nami namsifu. Lakini mwaka huo huo ilitoka sheria ya kura, kwamba wapiga kura wawe wanaume wanaojua kusoma na kuandika tu. Wareno wengi wa siku zile hawakujua kusoma. Wanawake nao walifungiwa kabisa, kwa maana mwaka 1911 daktari mmoja mjane, Carolina Beatriz Ângelo, alikwenda mahakamani akashinda, akapiga kura. Sheria mpya ikaziba tundu lile. Bibi yangu hajui kusoma hata jina lake, na kila uchaguzi huamka alfajiri kwenda kupiga kura. Nilipofika ukurasa huo nilimfikiria yeye, nikakasirika kama watu wa Porto.

Maadui wa Costa walikuwa wengi. Mwezi wa Julai, 1915, alikuwa ndani ya tramu, ikatokea cheche na mshindo. Yeye alidhani ni bomu, akaruka dirishani, akapasuka fuvu la kichwa. Alipona, na kabla ya mwaka kwisha akawa Waziri Mkuu tena.

Mwezi wa Februari, 1916, serikali yake ilizikamata meli za Kijerumani zilizokuwa katika bandari ya Lisbon, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita. Mwezi uliofuata Wareno waliichukua Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma. Oktoba wakaingia Newala kwetu, na Novemba wakafukuzwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba, 1917, Wajerumani walivuka Ruvuma wakawashinda Wareno huko Ngomano, wakawanyang'anya silaha na chakula. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo walikuwa watu wetu wa pande zote mbili za mto, ambao hawakuulizwa neno na mtu ye yote.

Siku kumi baada ya Ngomano, Sidónio Pais alianza kuipindua serikali ya Costa. Costa alifungwa, na alipofunguliwa akaenda Paris. Sidónio alipouawa, Costa akapewa kuwaongoza wajumbe wa Ureno katika mkutano wa amani, na mwaka 1919 Ureno ikapewa Kionga iwe yake. Kati ya madai yake yote, hicho kipande kidogo cha pwani ndicho ardhi pekee iliyopata.

Hakurudi kuitawala nchi yake, ingawa aliitwa. Mwezi wa Machi, 1926, aliuongoza Mkutano wa Shirikisho la Mataifa huko Geneva, na mwezi wa Mei majeshi yakaiangusha Jamhuri aliyoijenga. Costa akabaki ugenini, akiupinga utawala ule ambao baadaye uliongozwa na Salazar, mpaka alipokufa Paris, tarehe 11 Mei, 1937.