*DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 18: SAYYIDNA UMAR NA MWAKA WA MAJIVU*



Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) wengi tunamjua kwa ukali na uadilifu wake. Leo tumtazame kama kiongozi aliyekutwa na majanga mawili kwa muda mfupi.

Alikuwa Mquraishi wa Makka, wa ukoo wa Banu Adi. Akawa Khalifa mwaka 13 Hijria, baada ya Abubakar Swiddiq (r.a.). Katika utawala wake lilianzishwa daftari la majina ya Waislamu na mgao wa kila mmoja, na wanahistoria wanasimulia kuwa aliweka nyumba maalumu ya unga, tende na zabibu kwa ajili ya wasafiri waliokwama. Yaani alikuwa mtu wa kuandika na kuweka akiba.

*Njaa.* Mwaka 18 Hijria (639) mvua ilikatika Hijazi kwa kama miezi tisa. Ardhi ikawa rangi ya majivu, ndiyo maana ukaitwa Mwaka wa Ramada. Watu wa jangwani wakamiminika Madina. Umar akawaandikia magavana wake kuomba chakula, na Abu Ubaida bin Jarrah akaja kutoka Sham na ngamia 4,000 waliosheheni. Umar akaweka wasimamizi kila upande wa mji, jioni wanamletea taarifa. Akaagiza watu wahesabiwe: inasimuliwa waliokuja kula walikuwa 7,000, na wagonjwa na watoto waliopelekewa walipo walikuwa 40,000. Yeye mwenyewe aliacha nyama na samli mpaka rangi yake ikabadilika. Zaka ya mwaka ule akaiahirisha. Na katikati ya kazi yote hiyo alitoka na watu kuomba mvua, akiwa na Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), na Allah akawanyeshea. Dua na kazi vilikwenda pamoja.

*Tauni.* Karibu na wakati huohuo alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni huko mbele. Akawashauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kiquraishi, halafu akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na elimu aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.): penye tauni usiingie, na ukiwa ndani usitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akageuza msafara.

Abu Ubaida alibaki na watu wake, akafa kwa tauni ile. Yuleyule aliyeleta ngamia 4,000. Baadaye Amr bin Aas akawatawanya watu milimani, na maradhi yakaisha.

Jamani, mbona nayasimulia haya? Kwa sababu Kagera yetu imeonja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba na kuua watu. Marburg ya Bukoba Vijijini, Machi 2023, iliondoka na watu 6. Ya Biharamulo, Januari 2025, ikaondoka na 10. Na bado utamsikia mtu anasema kujiandaa ni kukosa tawakkul. Basi Umar angekuwa wa kwanza kukosa tawakkul!

Tufanye haya matatu kabla ya Idi:

1️⃣ *Tuhesabiane.* Kila kitongoji watu wawili waandike wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, wajawazito na yatima. Waandike pia nani ana pikipiki au gari la kubeba mgonjwa usiku.

2️⃣ *Tuweke akiba.* Mwenye kuvuna atoe sadaka debe la maharage au mahindi, likae msikitini. Zakatul-fitri isichanganywe humo, hiyo itolewe kabla ya sala ya Idi.

3️⃣ *Tujue la kufanya kwenye maradhi.* Ukiona homa kali na kutokwa damu, usimshike mgonjwa ovyo, piga 199, ni bure. Akifariki mtu kwa ugonjwa wa aina hiyo, tusikimbilie kumuosha. Maji ya mwili wake yanaambukiza, tusubiri wataalamu wa afya. Kuosha kukiwa na madhara, wanazuoni wametaja tayamamu, na ikishindikana nayo, dharura ina hukumu yake. Sala ya jeneza ipo palepale. Najua inauma kutomuosha mzazi wako. Lakini kulinda uhai wa waliobaki nako ni ibada.

Umar alichomwa kisu akiswalisha Alfajiri, mwaka 23 Hijria. Hata akiwa na jeraha lile, aliteua watu sita wa kumchagua Khalifa na akawapa siku tatu. Hakuwaacha watu bila mpango.

Ewe Mola, tukinge na majanga, na yakija utukute tumejiandaa. Amin.

Mtumie na jirani yako asiye kwenye kundi hili. Wabillahi tawfiq.