Maisha ya Mwandishi: Anton Chekhov na Usawiri wa Hisia

Anton Chekhov alizaliwa mwaka wa 1860 mjini Taganrog, kusini mwa Urusi. Babu yake alikuwa mtwana wa mwenye shamba kabla ya kujinunulia uhuru. Baba yake alikuwa na duka, lakini lilifilisika mwaka wa 1876 akatorokea Moscow kuwakwepa wadai. Familia ilipomfuata, Anton alibaki nyuma akiwa na umri wa miaka 16. Aliwafunza watoto wa wengine ili ajikimu, hadi alipomaliza shule mwaka wa 1879.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Moscow, huku akiandika vichekesho vifupi magazetini ili kuilisha familia. Alifuzu mwaka wa 1884. Kazi hizi mbili zilifaana. Daktari hatosheki kuambiwa kwamba mgonjwa anaumwa; hutafuta dalili. Chekhov naye aliandika hisia kwa dalili.

Mfano bora ni hadithi yake ya mwaka wa 1886 iitwayo Toska, neno la Kirusi lenye maana ya majonzi mazito. Mhusika mkuu, Iona, huwabeba abiria katika gari la theluji linalokokotwa na farasi. Mwanawe amefariki wiki hiyo. Iona anajaribu kumweleza abiria mwanajeshi, lakini mazungumzo yanakatika. Vijana watatu wanamtukana na kumhimiza aongeze mwendo. Bawabu anamfukuza. Dereva mwenzake anajifunika na kulala. Mwishowe Iona anaingia zizini na kumsimulia farasi wake, anayetafuna nyasi kavu kwa kuwa pesa za shayiri hazikupatikana.

Tazama kwamba mwandishi hamlilii Iona. Anatuonyesha theluji iliyomfunika mzee asijikung'ute, na milango inayofungwa mmoja baada ya mwingine. Uchungu unamfikia msomaji kwa sababu yeye pekee ndiye anayemsikiliza Iona. Baadaye, mwaka wa 1892, Chekhov alimshauri mwandishi mwenzake kwamba anayetaka kumhuzunisha msomaji aandike kwa ubaridi, ili majonzi yaonekane wazi zaidi.

Ubaridi huo haukutokana na ukosefu wa huruma. Chekhov aliwatibu wakulima maskini bila malipo. Nduguye Nikolai alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1889, na ugonjwa huohuo ukamuua Anton nchini Ujerumani mwaka wa 1904, akiwa na miaka 44.

Kwa mtahiniwa: Unapojadili hisia katika hadithi, usiishie kutaja kwamba mhusika ana huzuni. Onyesha kitendo, kitu au kimya kinachoithibitisha.

Maswali ya marudio
1. Eleza jinsi maisha ya Chekhov yalivyochangia uandishi wake. (alama 4)
2. Chagua tukio la majonzi katika hadithi uliyosoma. Fafanua jinsi mwandishi alivyolifanya liaminike. (alama 6)