Henry Fielding, Hakimu wa Bow Street

Chuoni tulifundishwa kuwa Henry Fielding ndiye mtunzi wa hadithi ndefu iitwayo Tom Jones, iliyotoka mwaka 1749. Hatukuambiwa kwamba mwaka ule ule mtunzi huyo alikuwa akiketi katika nyumba ya Bow Street, London, akisikiliza kesi za wezi.

Alizaliwa mwaka 1707 huko Somerset, Uingereza. Katika ujana wake aliandika michezo ya kuigiza iliyowadhihaki wakubwa, hata mwaka 1737 Bunge likatunga sheria ya kuibana michezo, na riziki yake ikakatika. Akarudi darasani akiwa mtu mzima mwenye familia, akasomea sheria. Mwaka 1740 akawa wakili, lakini madeni hayakumwacha. Alipenda starehe, tusimfiche. Mwaka 1748 alipewa uhakimu wa Westminster.

Wakati huo London haikuwa na polisi. Kulinda amani ilikuwa kazi ya parishi. Kila mwaka wenye nyumba walichaguliwa kwa zamu kuwa makonstebo, pasipo mshahara, na mwenye uwezo alimlipa mtu mwingine amshikie zamu. Serikali nayo ilitoa zawadi ya paundi 40 kwa kila mnyang'anyi wa njiani aliyetiwa hatiani. Zawadi hiyo ilizaa watu kama Jonathan Wild, aliyenyongwa mwaka 1725. Huyo alijiita mkamata wezi, kumbe ndiye mkuu wao! Si ajabu watu walichukia hata jina la kazi hiyo.

Mahakimu nao walijipatia fedha kwa ada, hivyo ugomvi ulipozidi, mifuko yao ilijaa. Fielding akawapatanisha wachukuzi na maskini waliogombana, wala hakukubali kuchukua shilingi ya mwisho ya mtu. Kwa hesabu yake mwenyewe, kazi iliyoweza kumpa paundi 500 kwa mwaka ilimpa 300 na kidogo, na sehemu kubwa ya hizo ilibaki kwa karani wake.

Akishirikiana na Saunders Welch, konstebo mkuu wa Holborn, alichagua watu wachache, wapata sita, wengi wao wakiwa wamekwisha kumaliza mwaka wao wa ukonstebo na bado ni waaminifu. Akatangaza gazetini kwamba aliyeibiwa alete habari upesi Bow Street, pamoja na sura ya mwizi na mali iliyopotea. Mwaka 1751 aliandika kitabu juu ya sababu za kuongezeka kwa wanyang'anyi, akilaumu sana pombe kali ya jini na kamari.

Hakuwa mtu wa huruma kila siku. Mwaka 1749 kijana Bosavern Penlez alinyongwa kwa sababu ya ghasia za mabaharia, na watu wengi walimlilia. Fielding aliandika kuitetea hukumu hiyo. Mimi naona hapo alikuwa mgumu kupita kiasi.

Mwaka 1753 alikuwa hoi kwa jongo, na waganga walimtaka aende kwenye maji ya moto ya Bath. Ndipo Duke wa Newcastle akamwita atoe shauri la kukomesha mauaji mjini. Akaiacha safari. Aliomba paundi 600; alipopata 200 za kwanza, watu wake walilivunja genge lile kwa siku chache tu. Lakini yeye pumu ilimzidi, na tumbo likajaa maji.

Mwaka 1754 alimwachia kazi ndugu yake wa baba mmoja, John, akapanda meli kwenda Lisbon kutafuta jua. Alifariki huko tarehe 8 Oktoba, akiwa na miaka 47, akazikwa katika makaburi ya Waingereza. John alikuwa kipofu tangu ujana wake. Aliketi Bow Street hadi alipofariki mwaka 1780, na watu walisema kwamba aliwatambua wezi wa London kwa sauti zao.