Habari za Al-Khwarizmi, Bingwa wa Hesabu

Wako watu waliokufa zamani sana ambao majina yao yangali yakitajwa kila siku, na wengi wanaoyataja hawajui kwamba ni majina ya watu. Mmoja wao ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Mimi ni mwenyeji wa Ushongo, wilaya ya Pangani, na sasa nimo katika mwaka wa nne wa masomo ya uhandisi wa programu za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Huko haipiti siku bila ya jina lake kutajwa, kwa maana tunaposema algorithimu, yaani utaratibu wa kufuata hatua moja baada ya nyingine mpaka kufikia jibu, twalitaja jina la bwana huyu kama lilivyogeuzwa na ndimi za watu wa Ulaya. Nimeombwa niandike habari za mtu mashuhuri kwa ajili ya gazeti letu, nami nimemchagua yeye, kwa sababu kazi yake yatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Alizaliwa karibu na mwaka 780. Al-Khwarizmi maana yake ni mtu wa Khwarazm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral, ambayo leo imo katika Uzbekistan na Turkmenistan. Lakini sifa yake aliipata Baghdad, mji uliojengwa mwaka 762 ukawa makao ya makhalifa wa Kiabbasi. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu. Katika mji huo palikuwa na Nyumba ya Hekima, na wataalamu walikusanyika wakafasiri kwa Kiarabu vitabu vya Wayunani, vya Waajemi na vya Wahindi. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wa wataalamu hao wa al-Ma'mun.

Hakuwa mtu wa elimu moja. Alitengeneza majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Aliandika kitabu cha jiografia kilichotaja mahali zaidi ya 2,400, kila mahali pamoja na latitudo na longitudo yake. Tena aliandika kitabu cha kueleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Wahindi, ambazo kwa alama kumi tu, pamoja na sifuri, mtu huweza kuandika namba yo yote, iwe kubwa namna gani. Tarakimu hizo hakuzibuni yeye, nasi tusimpe sifa isiyo yake. Sifa yake ni kwamba aliwafundisha wengine kuzitumia kwa maneno yaliyo wazi.

Lakini kitabu chake kilicho mashuhuri kupita vyote ni kile cha al-jabr, alichokiandika wakati wa al-Ma'mun, na kwa ajili ya kitabu hicho somo lenyewe likaitwa aljebra. Wengi wetu tukiisikia aljebra twadhani ni mateso yaliyobuniwa na walimu. Sivyo. Al-Khwarizmi alieleza tangu mwanzo kwamba amekusudia kuwasaidia watu katika haja zao: kugawa mirathi na wasia, kuamua kesi, kufanya biashara, kupima mashamba na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za wasia na mirathi tu.

Jambo hili sisi wa Ushongo twalijua vizuri. Tuseme mzee mmoja Mwislamu amefariki, wazazi wake wamekwisha kufa, hakuacha deni wala wasia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume 2, watoto wa kike 3, na minazi 48. Mke hupata thumni, yaani minazi 6. Inabaki 42. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya mtoto wa kike, basi mafungu ni 7, na kila fungu ni minazi 6. Kila mwana atapata 12, na kila binti 6. Hesabu hiyo mzee ye yote aliyesoma chuoni aweza kuifanya chini ya mnazi wenyewe.

Sasa tuseme mmoja wa wana alikuwa akidaiwa na marehemu baba yake fedha nyingi asizoweza kulipa, na tena marehemu ameusia sehemu ya mali yake kwa mtu baki. Deni la mwana litakatwa katika fungu lake. Hapo hesabu hugeuka fumbo, kwa maana huwezi kulijua fungu la mwana mpaka uijue mali yote, wala huwezi kuijua mali yote mpaka ulijue fungu la mwana. Nimewaona kwa macho yangu ndugu wa tumbo moja wakiacha kusemezana kwa ajili ya minazi michache, kila mmoja akiamini kwamba amedhulumiwa, na hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha hesabu hatua kwa hatua. Al-Khwarizmi aliyakabili mafumbo ya namna hiyo kwa hila nzuri. Kile asichokijua alikiita kitu, basi, akakihesabu kana kwamba anakijua, mpaka mwisho kitu hicho kikajifichua chenyewe. Nasi leo tunapoandika programu twafanya hivyo hivyo: twakipa jina kiasi tusichokijua bado, kisha twaiambia mashine la kufanya nacho.

Nitawapa mfano mmoja wa kitabu chake, mpate kuuona utaratibu wake. Atafutwa namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaongeza mara kumi ya namba hiyo hiyo, jumla itakuwa 39. Hatua ya kwanza, chukua nusu ya kumi, nayo ni 5. Ya pili, zidisha 5 kwa 5, utapata 25. Ya tatu, ongeza 25 juu ya 39, utapata 64. Ya nne, tafuta kipeuo cha pili cha 64, nacho ni 8. Ya tano, toa 5, itabaki 3. Hiyo ndiyo namba. Ijaribuni: 3 mara 3 ni 9, na mara kumi ya 3 ni 30, jumla 39. Wala yeye hakutumia alama za x na y tunazotumia sisi. Yote aliyaandika kwa maneno matupu.

Aliyefuata hatua hizo tano si lazima awe na akili nyingi. Yatosha asiruke hatua. Na kompyuta, wenzangu, ndivyo ilivyo. Haina akili ya kukisia makusudi yako, bali hufuata hatua ulizoiandikia, zikiwa sawa au zikiwa na makosa. Leo mama aweza kuketi Ushongo akapokea kwa simu fedha alizotumiwa na mwanawe aliye Dar es Salaam, na nyuma ya kitendo hicho kuna hatua nyingi zilizoandikwa na watu. Hatua moja ikikosewa, fedha zaweza kukatwa huku zisifike kule.

Kwa hiyo al-Khwarizmi hakuridhika kutoa kanuni tu, bali alionyesha na sababu yake. Chora mraba mchangani, ubavu wake ni ile namba usiyoijua. Katika pande zake mbili zinazopakana, ongeza mistatili miwili, kila mmoja upana wake 5. Umbo lote sasa ni 39, lakini pembeni pana pengo la 5 kwa 5. Lijaze kwa 25, upate mraba mkubwa wa 64, ubavu wake 8. Ukiondoa 5 wabaki na 3. Basi mtu haambiwi aamini tu, huona mwenyewe kwa nini kanuni ni kweli. Katika miaka ya mwisho ya masomo yetu chuo kikuu, hili ndilo jambo gumu kuliko yote. Haitoshi programu kutoa jibu sahihi leo mbele ya mwalimu. Yakupasa uonyeshe kwa nini itatoa jibu sahihi kila mara, na kwamba haitachukua muda mrefu kupita kiasi hata kama kazi ni kubwa.

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Vitabu vyake vilisafiri kuliko yeye. Mwaka 1145, huko Hispania, Mwingereza Robert wa Chester alikifasiri kwa Kilatini kitabu cha al-jabr. Na kile cha tarakimu, ambacho kwa Kiarabu kimepotea, kilibaki katika Kilatini, na mwandishi wake akaitwa Algoritmi. Basi jina la mtu likawa jina la njia ya kuhesabu, na baada ya miaka mingi, kompyuta zilipotokea, likawa jina la kila utaratibu unaofuatwa na mashine hizo.

Ndugu zangu wanafunzi, najua kwamba wako miongoni mwenu wanaotaka kuiacha hesabu, wakisema kwamba mambo ya kompyuta ni ya watoto wa mijini wenye mashine nyumbani. Kumbukeni kwamba bwana huyu hakuwa na mashine yo yote, na aliyoyaandika ndiyo tunayoyafuata katika mashine. Twahesabu sita, saba na tisa kwa maneno ya Kiarabu, na sifuri vile vile. Elimu hii si mgeni kwetu. Ukipewa swali, liandike hatua kwa hatua, kila hatua kwa neno lililo wazi, kiasi kwamba mdogo wako aweza kulifuata asipotee. Ukiweza hayo kwa kalamu na karatasi, siku utakayoketi mbele ya kompyuta hutakuwa mgeni kabisa. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.